Amri ya Chumvi

17 Novemba

Naanza daftari hili kwa kusudi moja: kuandaa maelezo yatakayosomwa na daktari bingwa, pindi tutakapompata. Kwa miezi kumi na minne mke wangu, Imaculata, amekuwa mgonjwa bila ugonjwa wake kupata jina linalodumu. Ametibiwa malaria mara nne, homa ya matumbo mara tatu, vidonda vya tumbo mara moja, na mwezi Juni tabibu mmoja kijana alimwambia kwamba ana mawazo mengi. Majina manne kwa mwili mmoja ni mengi mno. Nilikalia kiti cha hakimu miaka ishirini na tisa kabla ya kustaafu, na nilijifunza kwamba shahidi anayebadilisha maelezo mara nne ama hajui, ama anaficha, ama hajaulizwa vizuri. Naamini sisi tupo katika hali ya tatu.

Dalili, kama nilivyozithibitisha mwenyewe: uchovu unaozidi kadiri siku inavyosogea, kichefuchefu cha asubuhi, maumivu ya tumbo yasiyo na mahali maalumu, kizunguzungu, hasa anapoinuka, uzito uliopungua kwa kilo kumi na moja. Homa huja na kuondoka. Kila alipolazwa na kutundikiwa dripu aliamka siku ya pili akiomba chakula, na wiki mbili baadaye akarudi pale pale.

Kuanzia kesho nitampima joto na presha kila siku saa kumi na mbili asubuhi, akiwa amelala, kabla hajanywa chochote. Saa ile ile, hali ile ile. Bila hivyo namba hazilinganishwi.

18 Novemba

Joto 36.4. Presha 98/62.

Presha ndiyo safu pekee inayonipa faraja, na ni haki nieleze sababu. Kaka yangu Otto alianguka shambani Maposeni miaka miwili iliyopita, jembe likiwa bado mkononi, kwa kiharusi. Baada ya matanga nilirudi mjini, nikasoma yote niliyoweza kuyapata, nikanunua kipimo hiki, kisha nikaondoa chumvi katika nyumba hii. Niliitoa yote, hata ile ya kwenye kikopo cha jikoni. Imaculata hakupinga. Alisema tu, “Baba Agape, hata mbuzi analamba chumvi.” Nikamjibu kwamba hakuna mbuzi aliyewahi kupata kiharusi.

Tangu wakati huo mboga zetu huungwa kwa karanga na kukamuliwa ndimu. Presha yangu imeshuka kutoka 158 hadi 139. Yake imeshuka kuliko yangu. Kwa jambo hilo moja, mwili wake umetii.

21 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Milima ya Matogoro haionekani. Joto 36.5, presha 98/60.

24 Novemba

Jirani yetu Bi Zuhura alikuja kumjulia hali mgonjwa. Ni mzaliwa wa Nakapanya, huko Tunduru, na kwa miaka sita amekuwa akikaanga korosho na kuuza usipa, wale dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa, katika kibanda kilicho mkabala na lango letu hapa Bombambili, Songea. Ni mkarimu, ana sauti kubwa, na hakuna jambo asilo na maoni nalo. Mahakamani ningemsikiliza kwa tahadhari.

“Hodi wenyewe! Mama Agape, umeamkaje?”

“Nimeamka mimi, Bi Zuhura. Mwili bado umelala.”

“Na mbona unazidi kukolea rangi? Jua lenyewe hulioni, unashinda ndani. Mimi wa kibandani sawa, nimeshakuwa chungu. Wewe je? Hebu tazama mikono.” Akanigeukia. “Shikamoo, Mheshimiwa. Huoni mkeo anavyokuwa mweusi?”

“Marahaba. Mke wangu namwona kila siku.”

“Ndiyo maana huoni,” akasema, akacheka kicheko chake cha sokoni, akaenda zake.

Nimeiandika kauli hii kwa ajili ya ukamilifu. Ni maoni ya mtu mmoja, hayana kipimo. Sitayaweka katika muhtasari wa daktari.

2 Desemba

Agape, binti yetu wa pekee, anayefundisha Njombe, amepiga simu. Kuna daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, jina lake Dkt. Saada, ambaye huja kutoka Dar es Salaam kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na kuona wagonjwa katika kliniki moja ya binafsi hapa mjini. Nikauliza ana umri gani.

“Baba, unamtafutia mchumba?”

Nikamweleza kwamba uzoefu ni sehemu ya ushahidi. Akaniambia nimpe mama simu. Walizungumza nusu saa, na Imaculata akacheka mara mbili. Nilihesabu kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho.

7 Desemba

Daktari hakufika. Ndege ilishindwa kutua kwa mawingu. Tuliketi kwenye benchi saa tano. Joto 36.4, presha 96/60. Tumewekwa kwenye orodha ya Januari.

11 Desemba

Mahindi ya Maposeni yameota vizuri, kwa mujibu wa mwangalizi wa shamba. Mgonjwa hakutoka kitandani.

12 Desemba

Vivyo hivyo.

13 Desemba

Vivyo hivyo. Alianza kushona sare moja ya kwaya, akaiacha kwenye mkono wa kwanza. Cherehani imefunikwa.

19 Desemba

Kumbikumbi wameruka kwa wingi tangu asubuhi. Bi Zuhura aliwaokota ndoo nzima, akawakaanga, akaleta sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nilikuwa nikinyoa ndevu. Nilipotoka sahani ilikuwa tupu, na Imaculata alikuwa akipangusa vidole.

“Umekula wote?”

“Nimekula wote. Na ungechelewa kidogo ningekula na kawa.”

Mwanamke huyu jana alishindwa na vijiko vitatu vya uji.

22 Desemba

Siku tatu nzuri mfululizo. Ametembea hadi kanisani na kurudi. Presha 104/66. Sababu haijulikani, huenda mvua imepoza hewa. Bi Zuhura huingia na kutoka kila siku na vifuko vyake vya korosho. Naanza kuona kwamba uchangamfu wake, ingawa unachosha, una manufaa fulani kwa mgonjwa. Nakiri kwamba nilimhukumu mapema.

25 Desemba

Agape yupo. Nyama ya mbuzi, wali, ndimu. Agape alisema chakula chetu kina ladha ya hospitali. Mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza. Nilihisi meza ikitikisika.

4 Januari

Daktari alikuja. Wagonjwa thelathini tu ndio walioandikishwa kuonwa, na sisi tulikuwa wa thelathini na nne, maana orodha ya Desemba ilichanganywa na ya Januari bila utaratibu niliouelewa. Saa nane mhudumu wa mapokezi alitoka, akasema daktari anaweza kuongeza mgonjwa mmoja.

“Kuna mwenye hali mbaya zaidi?” akauliza.

Tulibaki wanne. Mama mmoja aliinua mtoto wake juu kama anayetoa ushahidi. Mhudumu akanitazama. “Mzee, wa kwako?”

Nilifungua daftari. Joto la asubuhi lilikuwa 36.6. Presha 102/64. Kwa namba hizo hakukuwa na msingi wa kuwaruka wengine, nami sijawahi kuruka foleni maishani. Nikasema, “Hali yake imetulia.”

Imaculata alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba. Njiani, ndani ya bajaji, alisema, “Ungeniuliza na mimi.”

Tumeandikishwa Februari, namba ya tatu.

9 Januari

Leo lazima niandike kwa kirefu.

Nilitafuta mkasi katika saraka ya cherehani. Chini ya vigurudumu vya nyuzi nilikuta kifuko cha plastiki kilichofungwa fundo, na ndani yake chumvi, kama vijiko vinne. Nilikipeleka chumbani, nikakiweka juu ya shuka, mbele yake.

“Hii ni nini?”

“Chumvi, Baba Agape. Mlikuwa mkifahamiana zamani.”

“Nauliza kwa uzito.”

“Nami najibu kwa uzito. Ni chumvi. Naweka kidogo kiganjani, nalamba. Nisipolamba, mwili unakuwa kama nguo iliyolowa.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla ya Krismasi.”

“Unajua kilichomuua Otto.”

“Najua. Nilimwosha miguu siku ile. Lakini mimi si Otto.”

Sikuona sababu ya kubishana na mtu aliyelala. Kifuko chenyewe kilitosha: ni cha aina ile ile ambayo Bi Zuhura hufungia korosho, na fundo ni lile lile. Nilivuka barabara. Alikuwa akigeuza korosho kwenye karai, mbele ya wateja wawili.

“Bi Zuhura, umekuwa ukimpa mke wangu chumvi kwa siri.”

“Siri ya nani, Mheshimiwa? Korosho zangu zina chumvi, Songea nzima inajua.” Kisha akaona kifuko, akashusha mwiko. “Kaniomba. Wallahi, kaniomba kama mtu anayeomba maji. Mgonjwa akitamani kitu anapewa. Kwetu mwenye mimba akitaka udongo, tunamchimbia udongo.”

“Mke wangu ana miaka hamsini na minne. Hana mimba.”

“Nimetoa mfano tu, baba, usinifunge kwa mfano!”

Wateja wakacheka. Nilisubiri wamalize. Nikamwambia, kwa utulivu, kwamba katika nyumba yangu kuna amri iliyowekwa juu ya kaburi la ndugu yangu, kwamba yeye ameivunja kwa mkono wa mgonjwa asiyeweza kujitetea dhidi ya hamu yake mwenyewe, na kwamba kuanzia leo asivuke lango langu.

Akauchukua tena mwiko wake. Kisha akasema, bila kicheko: “Sawa. Nyumba ni yako. Ila mimi nipo hapa mbele. Akiniita nitamsikia.”

Nimekuwa mkali, lakini sidhani nimekuwa na kosa. Wema usio na maarifa umeua wengi. Namfuta Bi Zuhura katika orodha ya watu wenye manufaa kwa mgonjwa.

12 Januari

Presha 92/58. Amri inafanya kazi.

15 Januari

90/56. Presha ya msichana.

18 Januari

Ametapika mara mbili. Nimempa maji mengi ya kunywa. 88/54. Mvua haijakatika siku nne, nguo hazikauki.

21 Januari

Hajala. Hazungumzi nami ila kwa kujibu. Nilimuuliza kama amekasirika. Akasema hasira inahitaji nguvu.

23 Januari

86/54. Nimeitazama namba hii kwa muda mrefu leo. Hadi jana niliiona kama ushindi. Nikajiuliza ingekuwaje kama namba ingekuwa inashuka hivi kwa mtu nisiyemjua. Siku tisa zimebaki hadi kumwona daktari.

26 Januari

Mvua. Vivyo hivyo.

28 Januari

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi. Jana sikuweza.

Ilikuwa saa sita mchana. Imaculata alisema anataka kuchuma majani ya maboga mwenyewe, nyuma ya nyumba, kwa kuwa mvua ilikuwa imepungua. Nilifurahi kwamba ametaka jambo. Mimi nilikuwa barazani nikipanga muhtasari wa daktari kwa wino mweusi na vichwa vya habari kwa wino wa bluu. Sikusikia chochote. Aliyesikia ni Bi Zuhura, ng’ambo ya barabara, katikati ya mlio wa karai lake. Niliona tu lango limefunguka, naye akinipita bila shikamoo, bila hodi, kanga imeshikwa mkononi, akikimbilia nyuma.

Imaculata alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope la tuta, majani ya maboga mkononi. Ngozi yake ilikuwa baridi. Nilimwita kwa jina, si kwa jina la mtoto, na hakuitika.

“Mshike miguu!” Bi Zuhura akasema. “Usimwandike, mshike miguu!”

Hakuna aliyewahi kuzungumza nami namna hiyo. Nikashika miguu. Bajaji aliisimamisha yeye, kwa kusimama katikati ya barabara. Alimpakata kichwa njia nzima, akimwambia maneno ya Kiyao ambayo sikuyaelewa. Hospitalini walitundika dripu, ya pili, ya tatu. Leo asubuhi amefumbua macho akaomba uji. Ni kama kila mara: dripu, kisha uji.

Nilitoka kumshukuru Bi Zuhura. Mlinzi alisema aliketi nje ya geti hadi jioni, akaondoka alipoambiwa mgonjwa anapumua vizuri. Hakuomba kuingia.

31 Januari

Tumeruhusiwa. Maelezo ya kutoka: malaria kali. Kipimo cha malaria: hakikuonyesha vimelea. Karatasi zote mbili zimebanwa pamoja kwa pini moja.

1 Februari

Dkt. Saada ni mwanamke wa miaka kama arobaini, mfupi, mwenye ushungi wa kijivu na sauti ya chini. Nilimkabidhi daftari na muhtasari wa kurasa sita. Alisoma muhtasari, akauweka kando. Kisha akasoma daftari, ukurasa kwa ukurasa, kwa dakika kumi na mbili. Hakuna mtu amewahi kusoma maandishi yangu kwa makini kiasi hicho, na nakiri niliona fahari.

“Umeandika vizuri sana, mzee. Vipimo hivi vyote alikuwa amelala?”

“Vyote. Nilitaka hali moja.”

“Mama, lala hapo.” Akampima: 90/58. “Sasa simama. Nishike bega.” Akasubiri dakika moja, akapima tena, na Imaculata akaanza kuyumba. Akamkalisha haraka. Akanionyesha kioo cha kipimo: 64/40.

“Umewahi kumpima akiwa amesimama?”

“Hapana.”

“Hapa ndipo ugonjwa ulipo. Akilala, unajificha.”

Akavuta kiti karibu, akafungua viganja vya Imaculata, akawasha taa. Mistari ya viganja ilikuwa myeusi kama iliyochorwa kwa kalamu. Akatazama ufizi: mabaka meusi. Akatazama kovu la zamani la kisu kwenye kidole: jeusi.

“Kuna mtu amesema umebadilika rangi?”

Imaculata alinitazama. Nikasema, “Kuna aliyesema. Nilimwona hana kipimo.”

“Umewahi kuugua kifua kikuu, mama?”

“Zamani, Agape akiwa mdogo. Nikapona.”

Daktari akapekua muhtasari wangu. “Hakimo humu.”

“Ni shauri lililofungwa,” nikasema. Niliposikia sauti yangu ikitamka neno hilo, sikulipenda.

Kisha akauliza swali ambalo nitalikumbuka: “Chakula je? Kuna kitu mwili wako unakidai kuliko kawaida?”

Nje mvua ilipiga mabati. Niliona mke wangu akipima kama aseme, na niliona kwamba anayempima ni mimi, si daktari. Hilo lilinichoma kuliko lolote lililofuata.

“Mwambie,” nikasema.

“Chumvi, daktari. Nimekula chumvi kama mwizi. Nyumbani haipo. Jirani alikuwa ananipa kwenye kifuko, nikila napata nguvu ya kusimama. Tangu Januari sipati.”

“Kwa nini hupati?”

“Nilimzuia mimi,” nikasema. Nikaeleza habari za Otto, kwa ufupi, kama ninavyoeleza jambo lolote. Daktari hakunikaripia. Akachora figo mbili nyuma ya karatasi, na juu ya kila figo kofia ndogo.

“Hizi ni tezi. Kazi yao mojawapo ni kuzuia chumvi isipotee mwilini. Nadhani za mama zimechakaa. Huenda kile kifua kikuu kilizigusa, zikafa polepole. Chumvi inamtoka kwa mkojo kila siku. Mwili unajua umeibiwa, ndiyo maana ulikuwa unadai. Ile dripu anayoamka nayo ni maji ya chumvi. Na presha hii,” akaweka kidole juu ya safu yangu, kuanzia tarehe tisa hadi ishirini na tatu, “haikuwa ikitii. Ilikuwa ikiisha.”

“Kwa hiyo amri yangu ndiyo iliyomwangusha.”

“Ugonjwa hukuuleta wewe. Ungekuja tu. Umeuharakisha.”

“Kwa kiasi gani?”

“Mzee, hilo sina kipimo chake.”

Damu imechukuliwa kwenda kupimwa Dar es Salaam, lakini vidonge vimeanzwa leo leo, mbele yake, kwa sababu, alivyosema, kusubiri kunaweza kuua na vidonge vya wiki mbili haviui. Kisha akamgeukia Imaculata, akampa maagizo yeye, si mimi, pamoja na barua ya kumwonyesha tabibu yeyote. Atameza kila siku maisha yake yote. Atakula chumvi kadiri anavyotaka. Na jambo kubwa: akipata homa yoyote, malaria, mafua makali, jeraha, ameze mara mbili siku hiyo hiyo. Akitapika vidonge, hospitali, sindano, bila kungoja.

“Mwili mwingine ukiugua unajiongezea dawa wenyewe. Wako hauwezi tena. Lazima uuongezee wewe. Ukingoja mtu akuambie, utachelewa.”

3 Februari

Amekula ugali na usipa. Ameomba uongezwe.

4 Februari

Nilivuka barabara saa nne asubuhi, wakati wateja ni wengi. Nilichagua saa hiyo makusudi: nilimshutumu mbele ya watu.

“Bi Zuhura, nimekuja.”

“Naona. Foleni hiyo hapo, Mheshimiwa. Wewe si mtu wa foleni?”

Nikasimama nyuma ya mafundi watatu na mwanafunzi mmoja. Alimhudumia kila mtu bila haraka, akiuliza habari za nyumbani kwao, na wengine niliona wazi hawakuwa na haja ya kuulizwa. Zamu yangu ilipofika akaweka mikono kiunoni.

“Haya. Kesi gani leo?”

Nilikuwa nimeandaa sentensi nne. Nikasema moja: “Chumvi yako ndiyo iliyomweka hai, nami nikaizuia.”

Akaacha utani. “Daktari kasema?”

“Kasema. Na rangi ya ngozi pia. Uliona kabla yetu sote.”

Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni moshi wa karai. Kisha akafunga korosho, akanikabidhi. “Hizi zake. Wewe usile, una presha. Na mwambie nakuja jioni. Au niombe kibali?”

“Lango litakuwa wazi.”

“Lifunge tu, baba, mbuzi wa watu wataingia. Mimi nitapiga hodi.”

14 Februari

Majibu ya damu yamekuja. Ni kama Dkt. Saada alivyodhani. Ugonjwa una jina moja sasa, refu na la kigeni. Imaculata hataki kulijifunza. Anauita “wangu”.

15 Februari

Niligundua kwamba natafuta sababu ya kutomlaumu mtu aitwaye Kajetani, yaani mimi. Nilikuwa na nia njema. Nilikuwa na vitabu. Nilikuwa na namba. Kila mtuhumiwa aliyewahi kusimama mbele yangu alikuwa na angalau moja ya hizo. Kosa langu halikuwa kutojua, maana hata matabibu hawakujua. Nilimpima kila siku kwa siku sabini bila kumuuliza swali moja ambalo jibu lake sikuwa nalo tayari.

2 Machi

Kilo tatu zimerudi. Sare za kwaya zimekamilika, kumi na nane.

9 Machi

Vyungu viwili jikoni, changu na chake. Jana alionja changu akasema, “Pole.”

27 Machi

Nilikuwa Maposeni siku nne kwa ajili ya kuvuna maharage. Simu huko hushika ukipanda kichuguu, na kwa siku mbili za mwisho haikushika kabisa. Nimerudi leo saa tisa, nimelowa, nikamkuta Imaculata kitandani, na Bi Zuhura akikoroga uji jikoni. Niliacha mzigo mlangoni, nikakimbilia kitandani.

“Tulia,” Imaculata akasema. “Ni malaria tu. Ya kweli safari hii, imeonekana.”

“Lini?”

“Jana asubuhi niliamka natetemeka. Nikameza viwili badala ya kimoja. Nikamwita Bi Zuhura, tukachukua boda, nikapimwa, nikapewa dawa. Nilimwambia tabibu ugonjwa wangu, nikamwonyesha barua ya daktari, akataka kubisha. Nikamwambia kama hataki kusoma atafute anayejua kusoma.”

“Alisema hivyo hivyo!” Bi Zuhura akapaza sauti kutoka jikoni. “Nilidhani ni wewe umevaa gauni, Mheshimiwa!”

“Ulipima joto kabla ya kuongeza dawa?” nikauliza.

“Sikupima.”

“Ulijuaje basi?”

“Baba Agape, nakaa humu ndani.” Akajigusa kifua.

Nilichukua barua ya Dkt. Saada, nikaisoma mstari kwa mstari nikiwa nimesimama, maji yakinitiririka kwenye sakafu. Kuongeza dawa siku ile ile: alifanya. Kupima chanzo cha homa: alifanya. Kutosubiri: hakusubiri. Nilikuwa natafuta kosa. Hiyo ndiyo kazi niliyoijua maisha yangu yote. Sikuliona.

Nikampima presha, kwa ombi langu na kwa ruhusa yake. Akiwa amelala, 112/70. Akasimama mwenyewe bila kunishika bega, tukasubiri dakika nzima tukitazamana, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya kwa muda mrefu. 108/70.

30 Machi

Homa imekwisha, amerudi kwenye kidonge kimoja. Magunia ya maharage bado yako Maposeni, na lori litapatikana kesho. Nitakaa huko siku tatu. Nimefunga begi. Nilichukua karatasi nimwandikie la kufanya iwapo homa itarudi, nikaandika tarehe juu yake, nikaishia hapo, nikaikunja.

Kisha nikamuuliza kama kuna jambo lolote anataka nilijue kabla sijaondoka. Alifikiri, akasema nimletee viazi vitamu. Sikuacha maagizo yoyote.